Mlio masikioni siku ya nne baada ya tamasha: je, nimeyaharibu?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 27. Jumamosi iliyopita mimi na marafiki watatu tulikwenda kwenye tamasha la muziki, tukasimama mbele kabisa kwa karibu saa tatu, spika kubwa ikiwa upande wangu wa kulia. Tulipotoka nilisikia kama nimejazwa pamba masikioni, na mlio mwembamba usiokatika. Pamba ilitoka kesho yake jioni. Mlio haujatoka mpaka leo Jumatano, na upande wa kulia umezidi. Jumapili tulikwenda kula mgahawani. Palikuwa na kelele, nusu ya mazungumzo sikuyapata, nikawa nacheka tu wenzangu wakicheka. Kusema kweli shida hiyo ya mgahawani nilikuwa nayo hata kabla ya tamasha, ndiyo maana mwaka jana nilikwenda kupimwa, nikaambiwa masikio yangu ni mazima. Usiku hucheza gemu na hedfoni, saa tatu hadi nne, na sasa naongeza sauti kidogo ili nisiusikie huo mlio. Rafiki mmoja anasema ni kawaida, masikio yatazoea. Mwingine ananishauri nitie mafuta yaliyopashwa moto. Je, nimeshayaharibu? Niache haya yote? Baada ya wiki tatu kuna tamasha jingine na tiketi nimeshanunua."

Pole sana, na ahsante kwa kueleza jambo kwa mpangilio, umenirahisishia kazi. Kabla ya maelezo lipo moja lisilongoja: leo usiku usivae hedfoni. Wala kesho. Huko kuongeza sauti ili kuufunika mlio kunanitia wasiwasi kuliko tamasha lenyewe, maana tamasha limekwisha, lakini hili unalirudia kila usiku juu ya sikio ambalo bado linauguza kidonda. Cheza kwa spika za kawaida, sauti ya chini, au uipumzishe gemu wiki hii. Haya, sasa tuzungumze.

Unaniuliza kama umeshayaharibu. Ile pamba kutoka ndani ya siku moja ni dalili njema: sehemu kubwa ya usikivu uliokuwa umeshuka imerudi. Mlio kubaki hadi siku ya nne si ajabu, wapo wanaokaa nao wiki mbili au zaidi kisha ukazimika wenyewe. Lakini pia si jambo la kulipuuza, hasa kwa kuwa umeegemea upande mmoja. Mwishoni nitakuambia lini uende ukapimwe. Nakudokezea tu kwamba ni wiki hii.

Nianze na huyo rafiki wa "yatazoea", kwa sababu maneno yake nayasikia karibu kila siku na yana madhara kuliko mafuta ya moto. Misuli huzoea kazi, ngozi ya kiganja huota sugu, sikio halifanyi hivyo. Mtu anayesimama mbele ya spika na kusema "mimi sasa wala hainisumbui" mara nyingi hajazoea. Amepoteza. Sauti zile zile zinamwingia, ila wa kuzipokea wamepungua.

Wapokeaji wenyewe ni hawa. Sauti ikishapita kwenye kiwambo cha sikio na vile vifupa vitatu vidogo, huingia kwenye kijumba kilichojizungusha kama konokono, kisichozidi sana ukubwa wa punje ya njegere, kilichojaa maji. Humo ndani zimepangwa safu za seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Kati ya hizo ni takriban 3,500 tu ndizo hasa zinazopeleka habari kwenye ubongo; zilizobaki kazi yake ni kuikuza sauti dhaifu na kuichambua. Ukilinganisha na mamilioni ya seli za jicho zinazopokea mwanga, utaona sikio limepewa mtaji mdogo sana. Na mtaji huo haurudishiki. Kuku akiharibikiwa seli hizo anaotesha nyingine, jambo ambalo watafiti waligundua miaka ya 1980 na tangu hapo wanajaribu kuliiga. Binadamu bado. Kuku ametuzidi hapo.

Kelele kubwa inapoingia kwa muda mrefu, vinyweleo vile hulegea na kupinda, seli huchoka, na ncha za mishipa ya fahamu chini yake huvimba. Hiyo ndiyo pamba uliyoisikia. Ukipumzika, nyingi hujirekebisha ndani ya siku moja au mbili. Zile zilizovunjika kabisa hufa, kimya kimya, bila maumivu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu tumezoea kwamba mwili ukiumia unauma, na sikio huumia kwa sauti iliyo chini sana kuliko ile inayoleta maumivu.

Mlio nao unatoka wapi? Wengi hudhani kuna kitu kinachopiga kelele ndani ya sikio. Mara nyingi ni ubongo. Fikiria unasikiliza redio, stesheni ikaanza kufifia, ukaongeza sauti: matangazo hayaji vizuri zaidi, unachopata ni mvumo. Ubongo hufanya hivyo hivyo. Ukikosa habari kutoka kwenye kipande fulani cha konokono, hujiongezea usikivu wa ndani kukitafuta, na ile shughuli ya mishipa ambayo siku zote huwa haisikiki ikageuka mlio. Kwa hiyo ukiusikia mwembamba na wa juu, usishangae; sehemu inayoumizwa kwanza na kelele ni ile ya sauti za juu, kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,000 na 6,000 hivi, na mlio huelekea kufuata pale palipopungua.

Hii pia inaeleza kwa nini wasiwasi huuzidisha. Ubongo uliotishika husikiliza kwa makini zaidi kile kinachoutisha. Sisemi kwamba mlio wako ni wa kufikirika, la hasha. Nasema tu kwamba kuuvizia kila dakika kuona kama umeondoka kunaulisha.

Sasa hesabu ya kelele, maana ndiyo itakayokuokoa huko mbele. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli si kama kilo. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni inakuwa maradufu, ingawa wewe utaona imepanda kidogo mno. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Fuata mwenyewe: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 dakika 30, na 100 ni dakika 15. Karibu na spika za tamasha, 100 ni jambo la kawaida na mara nyingi hupitwa. Saa zako tatu kwa 100 ni sawa na kupokea kipimo cha siku nzima mara 12, usiku mmoja. Na hicho ni kikomo kilichowekwa kwa ajili ya wafanyakazi, kisichoahidi kwamba hakuna atakayeumia. Shirika la Afya Duniani, kwa usikilizaji wa starehe, ni kali zaidi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto 75.

Zingatia hilo neno "kwa wiki". Umeniandikia tamasha, mgahawa na gemu kama mambo matatu. Kwa sikio ni akaunti moja. Halijui kama kelele imetoka kwenye gita, kwenye vijiko na vicheko, au kwenye bunduki ya kompyuta. Linajumlisha ukali na muda basi. Ndiyo maana swali la "niache kipi" huwa silijibu moja kwa moja. Tamasha moja kwa mwezi, ukiwa umejikinga, laweza kukugharimu kidogo kuliko hedfoni za kila usiku.

Tuje kwenye gemu, maana ndipo nina mengi ya kukuambia na ndipo watu wasipopashuku. Muziki, hata wa kelele, una ukali unaokaribiana mwanzo hadi mwisho. Gemu za vita sivyo. Ushindi unategemea kusikia nyayo za adui anayenyata, nazo zimetengenezwa ziwe dhaifu makusudi. Mchezaji anafanya nini? Anapandisha sauti mpaka nyayo zisikike vizuri. Halafu bomu linalipuka karibu naye. Sauti ya bomu imepanda pamoja na nyayo, na inaingia ghafla. Ndani ya sikio kuna kimsuli kidogo kinachojikaza kupunguza kelele kubwa, lakini huchelewa. Mlipuko wa ghafla humkuta mlinzi hajaamka. Rudia hilo mara mia kadhaa kwa usiku.

Kisha kuna mtego wa pili. Baada ya saa nzima sikio limechoka, sauti ile ile unaiona imeshuka, unagusa kitufe. Baada ya saa nyingine unagusa tena. Ukitaka kuhakikisha, usiku mmoja ukimaliza kucheza usiguse chochote, acha sauti ilivyo, kisha asubuhi vaa hedfoni na ufungue gemu. Wengi hushtuka na kuzivua. (Usilifanye jaribio hili sasa, subiri mlio uishe.)

Utakaporudi kwenye hedfoni, panga sauti kabla ya kuanza, chumba kikiwa kimya, kisha jiwekee mwiko wa kuipandisha katikati ya mchezo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti: gemu nyingi zina sehemu ya kupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, wakati mwingine huitwa hali ya usiku. Hiyo ni dawa hasa, kwa sababu nyayo zinapanda na mabomu yanashuka, na kusema kweli utacheza vizuri zaidi. Shusha muziki wa nyuma na milipuko, acha sauti za wenzako. Kama chumbani kuna feni au kelele za nje, hedfoni zinazoziba vizuri au zinazofuta kelele zinasaidia, si kwa sababu ni za kifahari bali kwa sababu hutalazimika kushindana na feni. Na kila baada ya saa moja, zivue kwa dakika kumi. Kanywe maji.

Sasa mgahawani. Hapa ndipo barua yako iliponigusa, pale uliposema unacheka wenzako wakicheka. Watu huniletea malalamiko ya mlio, lakini kinachowatoa kwenye maisha yao mara nyingi ni hiki: wanachoka kujifanya wamesikia, wanaanza kukataa mialiko, na marafiki wanadhani wamebadilika.

Sehemu ya tatizo si lako hata kidogo. Migahawa mingi ya siku hizi ina sakafu ngumu, vioo, dari wazi na meza tupu, hakuna pazia wala zulia la kumeza sauti, basi kila neno linagonga ukuta na kurudi. Halafu kuna tabia ya binadamu ambayo daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza mwaka 1911: tukiwa kwenye kelele, tunapandisha sauti bila kujijua. Meza hii inapandisha, ile ya jirani inaongeza ili isikike juu yake, nayo hii inaongeza tena. Hakuna aliyeamua kupiga kelele, na ukumbi mzima unapiga kelele.

Kati ya hizo zote sikio na ubongo vinatakiwa vichague sauti moja. Colin Cherry, Mwingereza, alianza kulichunguza hilo mwaka 1953, na tunajua ni kazi kubwa inayotegemea masikio yote mawili kuleta habari safi. Habari safi maana yake hasa ni konsonanti. Chukua fika, pika, shika. Irabu ni zile zile, i na a, nazo zina nguvu na sauti nzito, zinapenya kelele. Kinachotofautisha ni f, p na sh, sauti dhaifu ambazo sehemu kubwa ya alama zake ziko juu, kule kule ambako kelele huanza kula. Ndiyo maana mtu husema "nasikia unaongea, ila sielewi unachosema", na wenzake humwona hana makini.

Lakini ulipimwa, ukaambiwa mzima. Sidhani aliyekupima alikosea. Kipimo cha kawaida hukuweka kwenye chumba kimya na kukuuliza kama unasikia mlio mmoja mdogo. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kitu kilichotushtua sote tunaofanya kazi hii: panya waliopigwa kelele ya kuwapunguzia usikivu kwa muda, usikivu wao ukarudi kabisa, seli zao zikabaki nzima, lakini karibu nusu ya viungio kati ya seli na mishipa ya fahamu, kwenye eneo la sauti za juu, vilikuwa vimetoweka na havikurudi. Fikiria kwaya ya watu 40 iliyobaki na 20. Ukiiomba sauti moja ndefu, itatoa na wala hutajua kuna waliokosekana. Ipe wimbo wa sauti nne uwanjani penye zogo, ndipo utakapojua. Kwa binadamu aliye hai ni vigumu kuhesabu viungio hivyo, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani hili linaeleza malalamiko kama yako. Mimi ninaamini lina sehemu yake, na ndiyo sababu majibu ya "mzima" sijawahi kuyachukua kama ruhusa ya kuendelea na mtindo ule ule.

Kwa hiyo safari hii ukienda, omba pia kupimwa kuelewa maneno ndani ya kelele, na uombe wapime mpaka sauti za juu, hezi 6,000 na 8,000, si kuishia 4,000. Chukua na majibu ya mwaka jana. Kulinganisha karatasi mbili za mtu mmoja kunaeleza mengi kuliko karatasi moja.

Na mgahawani wenyewe, badili unapokaa kabla hujabadili masikio. Kaa mgongo ukiwa ukutani, kelele zote zikiwa mbele yako, na sikio linalosikia vizuri zaidi liwe upande wa wenzako. Epuka meza iliyo chini ya spika au karibu na jiko. Nendeni mapema kabla hapajajaa. Meza ya watu wanne ni rahisi kuliko ya watu kumi, na taa ya kutosha ni muhimu kuliko unavyodhani kwa kuwa sote tunasoma midomo bila kujua. Zaidi ya hayo, waambie. Sentensi moja tu: "kwenye kelele sipati vizuri, niangalieni mkiongea". Marafiki wa kweli watakutania kwa wiki moja kisha wataizoea. Hilo ndilo linalozoeleka.

Mafuta ya moto: usitie. Tatizo lako liko nyuma ya kiwambo, ambako mafuta hayafiki. Yakifika maana yake kiwambo kimetoboka na una tatizo jipya. Yanaweza pia kukuunguza. Vijiti vya pamba vivyo hivyo, vinasukuma nta ndani, na nta iliyoshindiliwa yenyewe huleta mlio. Vidonge na matone yanayotangazwa kwamba yanafuta mlio, hifadhi pesa yako. Hakuna dawa iliyothibitika kuuondoa. Ila kama unatumia dawa yoyote kwa sasa, mtajie daktari, kwa sababu zipo zinazoleta mlio, ikiwemo aspirini kwa kiwango kikubwa na kwinini.

Kinachosaidia siku hizi za mwanzo ni utulivu, lakini si ukimya mtupu. Watu wengi wakisikia "pumzisha masikio" huvaa vizibo mchana kutwa nyumbani. Hapo ubongo hunyimwa sauti, ukazidi kujiongezea usikivu, na mlio ukapaa. Acha sauti za kawaida za maisha zikuingie. Wakati wa kulala washa kitu chepesi kinachovuma, feni au sauti ya mvua kwenye spika ndogo, kiwe chini kidogo ya mlio, si juu yake. Lengo ni kuupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza. Mlio ukiwa wa kudumu, yapo mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa saikolojia ambayo yana ushahidi mzuri wa kuupunguzia makali. Hayaufuti, ila yanamtoa mtu kwenye kuuogopa. Nalijua hilo kwa ndani. Nikiwa na umri wako nilipiga ngoma kwenye bendi ya vijana kwa miaka minne bila kuziba chochote, na sikio langu la kushoto, lililokuwa upande wa matoazi, linalia hata sasa ninapoandika. Siku nyingi silikumbuki mpaka mtu aniulize.

Sasa lini uende. Wewe, wiki hii, kwa mtaalamu wa usikivu au daktari wa masikio, pua na koo, kwa kuwa mlio umepita siku mbili na umezidi upande wa kulia. Sababu iliyo wazi ni kwamba spika ilikuwa kulia, na huenda ni hiyo tu. Hata hivyo mlio wa upande mmoja hatuuachi bila kuutazama, maana mara chache huwa na sababu nyingine isiyohusiana na tamasha. Lakini usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo, iwapo sikio litapoteza usikivu ghafla au ile pamba ikarudi upande mmoja bila kelele yoyote. Hiyo ni dharura. Kuna matibabu ya dawa za steroidi ambayo hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache, na wanaokuja baada ya mwezi huwa tumechelewa wote. Vivyo hivyo kwa kizunguzungu cha dunia kuzunguka, uso kulegea upande mmoja, usaha au damu sikioni. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo nao unataka daktari, ingawa si wa kukimbilia usiku. Na kama mlio unakunyima usingizi mpaka ukajiona huna haja ya kuendelea, tafuta mtu wa kuzungumza naye leo, daktari au ndugu unayemwamini. Hali hiyo hutokea na hutibika.

Basi, tiketi. Sikwambii uitupe. Ikiwa vipimo vitatoka sawa na karatasi ya mwaka jana, na mlio umekwisha au umebaki wa kuutafuta kwa shida, nenda. Ikiwa usikivu umeshuka, au mlio bado uko pale pale, mpe mtu tiketi hiyo. Wiki tatu ni mapema kwa sikio lisilopona, na matamasha hayaishi.

Ukienda, nenda na vizibo. Karatasi laini au pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana. Vile vya sponji ni rahisi na vinazuia sana vikivaliwa sawasawa, tatizo ni kwamba watu wengi huviacha vikining'inia mlangoni mwa sikio. Kisokote kiwe chembamba, mkono wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika hivi kikifumuka. Sauti yako mwenyewe ikigeuka nzito kama uko ndani ya pipa, umepatia. Ubaya wa sponji ni kwamba inakata zaidi sauti za juu na muziki unakuwa mzito, hivyo kama matamasha ni jambo lako la kila mara, nunua vile vya wanamuziki vyenye kichujio, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Hesabu ni ile ile ya juu: kizibo kikikupunguzia desibeli 15 za kweli, 100 inakuwa 85, na dakika zako 15 zimekuwa saa 8.

Dakika kumi za kwanza utaona umeibiwa tamasha. Usivitoe. Ubongo ukishajipanga utasikia maneno ya nyimbo vizuri kuliko ulivyoyasikia mara ya kwanza, kwa sababu sikio lililozidiwa huchanganya sauti. Simama katikati ya ukumbi au nyuma yake. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika sauti hushuka kama desibeli 6, ndani ya jengo hushuka pungufu ya hapo kwa sababu ya kuta. Toka nje mara mbili tatu upumzike. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kumbi zisipite wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, ziwe na sehemu tulivu na zitoe vizibo. Ni pendekezo, si sheria, kwa hiyo usitegemee kuvikuta mlangoni. Beba vyako, na ubebe jozi nne. Hao marafiki watatu nao wana masikio, na yule wa "yatazoea" mpe jozi ya kwanza.